Kibali cha kisima au daftari la mchimbaji?

Siku moja nilisimama kwenye kiwanja cha jirani yangu, pande za Tegeta, nikitazama rigi ikichimba kisima. Gari lilikuwa limefika alfajiri, na kabla ya saa mbili mtaa mzima ulikuwa macho, utake usitake. Kila baada ya mita tatu hivi, kijana mmoja alikinga kwa koleo udongo uliokuwa ukitoka shimoni na kuumwaga pembeni, fungu moja moja, kwa mstari ulionyooka. Mchanga mweupe. Mchanga wenye rangi ya kutu. Udongo wa mfinyanzi, wa kijivu, uliong'ang'ania koleo mpaka aukung'ute kwa teke. Halafu mchanga tena, wa chenga, umelowa chapachapa. Yalikuwa mafungu kumi na tisa. Mtu aliyesomea miamba angeyasoma kama barua.

Jioni, mabomba yakishateremshwa na kokoto kumiminwa, kijana yule yule aliyachota mafungu yote kwa toroli akaenda kufukia shimo la barabarani lililokuwa likimkera mwenye nyumba. Hakuna aliyeandika hata neno moja, na hakuna aliyeona kuwa kuna kitu kimepotea.

Nalikumbuka toroli lile kila mjadala wa visima binafsi unapopamba moto. Mjadala wenyewe huwa ni wa kibali na ada. Upande mmoja unasema maji ni mali ya umma na kila anayeyavuta ajulikane. Upande wa pili unauliza, mlikuwa wapi tulipokuwa tunabeba madumu? Pande zote mbili zina hoja, na nitajaribu kuzitendea haki, ingawa naona zinagombania karatasi isiyo yenyewe.

Nianze na sheria. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasema maji yote ya Tanzania Bara ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo hati ya kiwanja haikupi maji yaliyo chini yake. Nchi imegawanywa katika mabonde tisa, kila bonde na bodi yake, na Dar es Salaam iko chini ya Bonde la Wami/Ruvu. Bodi ndiyo inayotoa vibali vya kutumia maji. Mbali na hapo, anayetafiti maji chini ya ardhi na anayechimba wanatakiwa wawe na leseni. Kwenye maandishi, basi, hatuna upungufu mkubwa.

Na sababu ya kuwa na sheria hiyo si urasimu mtupu. Pwani yetu maji baridi yamelala juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ya bahari ni mazito zaidi. Hesabu yake wanaijua wanafunzi wote wa fani hii: kwa kila mita moja ya maji baridi iliyoinuka juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo kuna takriban mita 40 za maji baridi zinazoizuia chumvi. Sasa igeuze. Ukiyashusha maji yale kwa mita moja tu na kuyaacha hivyo, chumvi itapanda taratibu, na safari yake ni ya mita arobaini. Kisima kimoja cha nyumbani hakiwezi kuifanya kazi hiyo. Mtaa mzima wenye pampu na matangi, pamoja na hoteli, gereji za kuoshea magari na wauza maji wa maboza, unaweza. Waliokaa karibu na bahari wanajua mwisho wake: sabuni inagoma kutoa povu, koki zinaliwa, mchicha wa bustanini unaungua kingo za majani. Tena anayeanza kuonja chumvi si lazima awe ndiye aliyevuta zaidi. Huenda ni bibi mwenye kisima kidogo upande wa bahari, na aliyevuta yuko barabara ya tatu nyuma yake akiendelea kuuza maji.

Haya, twende upande wa pili, ambao binafsi nausikiliza kwa masikio mawili maana nami nimenunua maji ya dumu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu zaidi ya milioni moja wameongezeka katika miaka kumi, na wengi wao wamejenga mahali ambapo bomba halikuwahi kufika, au lilifika likitoa upepo. Aliyejenga Goba au Chanika hakuchimba kisima kwa kiburi. Alichimba kwa sababu alipiga hesabu ya maboza ya mwaka akaona ni afadhali aumie mara moja. Na ukame wa mwishoni mwa 2022 ulipoufikia Mto Ruvu, unaolinywesha jiji, jiji likaingia kwenye mgao, wenye visima ndio walionywesha majirani zao. Serikali yenyewe iliyageukia maji ya chini: Novemba mwaka huo mradi wa visima vya Kigamboni ulizinduliwa ili kuongeza maji jijini. Kumwita mkosaji mtu aliyefanya kwa pesa yake jambo lile lile ambalo serikali imelifanya kwa pesa ya umma kunahitaji uso mkavu.

Swali kubwa la mwenye kisima, ambalo sijasikia likijibiwa vizuri, ni hili: nikilipia kibali, ninapata nini? Akilipia umeme anapata umeme. Akilipia kibali cha maji aliyoyachimba mwenyewe angetegemea walau aambiwe maji ya mtaa wake yamepanda au yameshuka tangu mwaka jana. Asipoambiwa, ada hiyo kwake ni kodi ya kuwa na kiu.

Hapo ndipo wengine hudakia kwamba tatizo ni elimu: mafundi wetu hawakusoma, wanachimba kwa kubahatisha, waondolewe kazini wabaki wasomi. Pole pole. Chuo cha Maji, kilichoanzishwa 1974, kinatoa stashahada ya haidrojiolojia, yaani elimu ya maji chini ya ardhi, na uchimbaji wa visima, na vyuo vikuu vinatoa wanajiolojia kila mwaka. Lakini tajiri wa rigi analipwa kwa mita. Kijana mwenye stashahada anayesimamisha mashine ili aangalie udongo vizuri anamchelewesha, na juu ya hayo anataka mshahara. Matokeo yake msomi anaajiriwa kusaini ripoti, na kwenye shimo anabaki fundi aliyejifunzia juu ya rigi.

Fundi huyo naye si wa kudharauliwa. Aliyechimba Mbagala miaka kumi na tano anaijua Mbagala kuliko kipimo chochote cha umeme cha kutafutia maji kinachovutwa juu ya ardhi kwa waya. Anaonja maji kwa ncha ya ulimi, anatema, anakwambia, «Ongeza mita sita.» Mara nyingi anapatia. Shida inaanza akitoka kwenye eneo alilolizoea. Mpeleke kwenye miteremko ya Mlima Meru, Arusha, ambako maji hubeba floridi kutoka kwenye miamba ya volkano. Floridi haina rangi, haina harufu, haina ladha ya kuishtukia. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na huko maji mengi yanaruka kiwango hicho kwa mbali. Ulimi hautaiona. Itaonekana baada ya miaka, kwenye meno ya kahawia ya watoto.

Na hata pale Tegeta, ulimi wa fundi haukuona jambo lililonisumbua zaidi siku ile. Ule mfinyanzi wa kijivu ndio mlango. Juu yake kuna maji ya karibu, yanayopokea kila kitu kinachovuja kutoka kwenye vyoo na makaro yetu. Chini yake kuna maji yaliyokingwa. Kisima kilichojengwa vizuri kinapita kwenye mfinyanzi kisha kinazibwa hapo, kwa saruji au kwa udongo wa kuvimba, ili maji ya juu yasishuke pembeni mwa bomba. Kisima cha jirani yangu kilimiminiwa kokoto kuanzia chini mpaka karibu na uso wa ardhi. Maana yake wametoboa mlango na kuuacha wazi. Ukikitazama leo ni kisima kizuri, kina mfuniko, kina pampu, kina tangi juu ya mnara. Afisa akija na kitabu cha vibali ataona kila kitu isipokuwa kosa lenyewe, ambalo limeshazikwa.

Ndiyo maana sioni kwa nini mwenye nyumba awe wa kwanza kubanwa. Yeye hajui mfinyanzi ulikuwa mita ya ngapi. Aliyejua ni mchimbaji, kwa siku moja tu, na madhara makubwa hutokea siku hiyo hiyo. Ningependa leseni ya mchimbaji ndiyo ishikwe: kila kisima kiwe na ukurasa wake, wenye tabaka za udongo, kina, mahali mabomba yenye matundu yalipowekwa, mahali palipozibwa, maji yalisimama mita ya ngapi, yalishuka kiasi gani pampu ilipoendeshwa, na chumvi ilikuwa kiasi gani. Asiyepeleka kurasa zake asihuishiwe leseni. Wavutaji wakubwa, yaani hoteli, viwanda na wauza maji, wawekewe mita na walipe. Kisima cha familia kisajiliwe bure.

Wanaopenda mkono mgumu hutuelekeza Kenya. Kweli, kule wanajiolojia wana sheria yao ya usajili tangu 1993, Sheria ya Maji ya 2016 imeunda Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na ombi la kibali cha kisima huambatana na ripoti ya mtaalamu. Nairobi iliwekewa eneo la hifadhi ya maji chini ya ardhi tangu miaka ya 1950. Hata hivyo usawa wa maji chini ya jiji lile umekuwa ukishuka kwa miongo, na wachimbaji wanaufuata kwa mabomba marefu zaidi. Karatasi inaweza kuwa kamili na maji yakaondoka.

Mfano ninaoupenda uko nyumbani, Makutupora, kaskazini mwa Dodoma, kwenye visima vinavyoinywesha makao makuu ya nchi. Tangu miaka ya 1950 kuna vipimo vya usawa wa maji pale. Mwaka 2013 watafiti walichapisha walichokiona katika miaka 55 ya namba hizo: maji yale hayajazwi kila msimu. Yanajazwa na misimu michache ya mvua kubwa, mara nyingi ile ya El Niño, na msimu wa 1997/98 ulijaza kuliko mwingine wowote. Katikati ya misimu hiyo ni kupungua tu. Mtu anayepanga maji ya Dodoma akijua hilo hupanga tofauti kabisa na yule anayegawanya mvua ya wastani kwa miaka. Ujuzi huo ulitoka kwa watu waliokuwa wakienda kisimani, wakapima kina, wakaandika.

Nimemwelezea wazo langu mtu anayemiliki rigi. Alicheka. Akasema kurasa hizo zitapikwa gesti, jioni, kumi kwa mpigo. Tena mteja akisikia kisima chake kinaandikwa atatafuta asiyeandika, kwa sababu orodha ya leo ndiyo ankara ya kesho. Hoja ya kwanza naona ina dawa: tabaka za mtaa mmoja hufanana, kwa hiyo ukurasa wa uongo huonekana ukiwekwa kando ya kurasa za majirani, ili mradi bodi iwe na mtu wa kuzisoma. Ya pili ni ngumu, na sitajifanya nina jibu. Imani ya namna hiyo haiwekwi kwa kanuni, na ikivunjwa mara moja mtaa hausahau.

Mwezi uliopita mama wa nyumba ya pili alikuja kuuliza. Naye anataka kuchimba, na mchimbaji wake, kijana aliyetoka chuoni juzijuzi, amemtuma kwa jirani yangu aulize mfinyanzi ulianzia mita ya ngapi na una unene gani. Jirani yangu alikuna kichwa. Akampigia simu fundi wake, namba haipatikani. Kisha akatutoa nje mpaka barabarani, akaonyesha kwa kidole pale toroli lilipomwaga. Mvua za masika zilikuwa zimeshapita. Shimo lilikuwa limerudi.