Nguru ana barafu, mgonjwa hana

Kwenye kikao kimoja cha bajeti ya afya, mzee mmoja wa hapa Lamu aliuliza kama thieta, yaani chumba cha upasuaji, ina barafu. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mkubwa aliyeketi mbele akajibu kwamba hospitali si duka la juisi, kisha wakaingia ajenda muhimu zaidi: rangi ya geti.

Haya, tucheke. Mwaka 1960, huko Melbourne, kijana mmoja alivunjika mguu. Alichoogopa si mguu, ni nusukaputi: jamaa zake 10 walikuwa wamekufa kwa etha, dawa ya nusukaputi ya zamani. Akapewa halothani, dawa mpya wakati huo, na haukupita muda presha ikashuka, mwili ukawaka moto. Wakakata dawa, wakamzungushia barafu. Akapona.

Ugonjwa wenyewe, kwa Kiingereza “malignant hyperthermia”, yaani joto la kuua linalochokozwa na nusukaputi, ni wa kurithi. Gesi za nusukaputi, au sindano ya suksamethoniamu ya kulegeza misuli, huichokoza misuli ikamwaga kalsiamu ovyo na kuchoma nguvu bila kupumzika. Hewa ya kaboni anayoitoa mgonjwa ndiyo hupanda kwanza. Joto huja nyuma, lakini likianza laweza kuongezeka digrii nzima kila baada ya dakika chache.

Najua, najua: barafu peke yake haitoshi. Kumpoza mtu huku gesi inaendelea ni kumwagia maji sufuria iliyo juu ya moto. Gesi ikatwe, oksijeni iwe asilimia 100, dantrolini, dawa ya kuutuliza ugonjwa huu, iingie. Na dantrolini ni ghali. Mtu wa kilo 70, dozi ya kwanza tu ni chupa 9 za miligramu 20, kila moja ikorogwe kwa mililita 60 za maji. Tena ugonjwa ni nadra. Sawa, nimekubali, msinisumbue.

Lakini barafu jamani? Nguru akivuliwa Kiwayu hulazwa barafuni mpaka apate mnunuzi. Binadamu anataka mifuko michache tu: kwapani, shingoni, kinenani. Na chupa za dripu zilizokaa friji, zipitishwe mshipani zikiwa baridi. Joto likishuka hadi 38.5, mnaacha, asije akapoa kupita kiasi. Hiyo nayo inataka tenda? Na kipimajoto kiwe mwilini muda wote wa upasuaji, wangapi hupimwa?

Nanyi wenye marehemu “aliyelazwa kwa sindano asiamke”, acheni kumsingizia jini. Mwelezeni daktari wa nusukaputi mapema. Zipo dawa za kumlaza mtu zisizochokoza ugonjwa huu, ketamini mojawapo.