Jamani, ule mteremko wa Mlima Kenya si "mchanga tu"

Kuna video inazunguka kwenye magrupu ya Mombasa, vijana wetu wamepanda Mlima Kenya, mashallah, nimefurahi kuwaona, lakini wakati wa kushuka wanaacha njia na kukata mteremko huku wakikanyaga majani, na mmoja akiulizwa kwenye komenti anajibu "ni mchanga tu huo". Hio kauli imeniuma sana.

Mchanga ule hautulii. Ukishapita mita 4,000 huko juu, kwa vile ni ikweta, baridi haingoji msimu kama milima ya Ulaya, siku nyingi za mwaka usiku unaganda na mchana unayeyuka. Maji yalioko ndani ya udongo yanavutwa juu kwenye baridi yanaganda kuwa sindano nyembamba za barafu, zimesimama wima zimebeba chembe za udongo na vijiwe kichwani. Jua likitoka zinayeyuka, na ule udongo haurudi ulipotoka, unaanguka chini kidogo ya pale. Kidogo tu, lakini kesho tena, na kesho kutwa, mpaka mteremko mzima unahama taratibu.

Sasa kinachozuia ni nini? Ni yale majani mnayoyakanyaga! Udongo uliofunikwa haupoi haraka, na mizizi inaushika. Ukibaki uchi, sindano zinaota kila usiku na kung'oa kila mche unaojaribu kushika, kwa hivo pale mlipopita mara moja kwa mbio panaweza kukaa kipara miaka na miaka, mvua ikija inamalizia. Zile senesio kubwa, mimea ya huko juu iliyo kama miti, zinazopendwa kupigwa picha hukua polepole mno, nazo zilianza kama miche midogo hio hio.

Kila mtu analilia barafu ya Lewis, ile ya kudumu huko huko mlimani, inavyoisha, na ana haki, lakini ile hatuwezi kuizuia kwa miguu yetu. Hii ya udongo kuhama tunaweza.

Haya, nakubali njia yenyewe mahali pengine ni tope mpaka magotini, hasa ule upande wa Naro Moru, na mtu kuchepuka namwelewa. Lakini pita hapo hapo kwenye tope, viatu vitaoshwa. Na nyinyi maguidi, mgeni akiacha njia mrudisheni, hata kama ndiye anayewalipa.