Utafiti si maabara peke yake

Kuna makala inayosema fedha za utafiti ziende kwenye sayansi, huku historia na lugha zikisubiri. Hapana jamani. Hapa Dodoma tunakunywa maji ya visima vya Makutupora. Vipimo vya kina cha maji yake tangu miaka ya 1950 vimewaonyesha watafiti kwamba hujazwa hasa na mvua kubwa za nadra, kama El Niño ya 1997/98. Kazi nzuri mno! Sasa nendeni Kolo, Kondoa: watu wembamba wamechorwa kwa rangi nyekundu mwambani, na wenyeji bado hutambika kwenye mwamba wa Mongomi kuomba mvua. Haidrolojia, yaani sayansi ya maji, haiwezi kutueleza mwamba ule. Nani atakaa na wazee, ajifunze Kirangi, lugha ya huko, aandike wanachokijua? Wengine nimeshawazika mwenyewe, na hakuna aliyewahi kuwauliza.