Nitumie na ya Kutolea

Jumamosi nilikuwa Soko la Majengo, hapa Dodoma. Nimeshapimiwa sado ya nyanya, natoa simu, naulizia lipa namba. "Ipo mwanangu," mama akajibu huku akifunga mfuko, "ila kama una keshi, nipe keshi." Kibao cha namba kimefungwa kwa waya pale juu ya matenga. Lakini anayemletea mzigo kutoka Ilula anataka noti mkononi, na kutoa hela kwa wakala kuna makato. Kwa mtu wa sado mbili tatu, makato hayo ndiyo faida yenyewe.

Kwa hiyo nikisikia blokucheni itamkomboa mchuuzi, nauliza: mama yule atatoaje hela? Blokucheni ni daftari linalonakiliwa kwenye kompyuta nyingi, hivyo mtu mmoja hawezi kufuta mstari kimyakimya. Ni kitu kizuri. Ndugu aliye Uarabuni anaweza kupitia humo kutuma sarafu ya kidijitali iliyofungwa na thamani ya dola, ikafika kwa dakika chache. Ila sokoni hailiwi mpaka igeuzwe shilingi, na hapo tumerudi kwenye makato yaleyale.

Halafu kuna kukosea. Mwaka jana nilikosea tarakimu moja, Sh 80,000 ikaenda kwa nisiyemjua. Nikapiga huduma kwa wateja, ikazuiwa, siku ya tatu ikarudi. Kwenye blokucheni ningempigia nani?

Benki Kuu ilionya watu juu ya sarafu hizi za kidijitali Novemba 2019. Juni 2021 Rais Samia akaitaka ijiandae nazo, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya asilimia 3 kwa kuzihamisha. Natamani ulinzi wa anayetapeliwa nao uje kwa kasi hiyo.

Tozo ya miamala ya Julai 2021 ilitufundisha: gharama ikipanda, watu wanarudi kwenye noti. Tayari tunao mfumo wa TIPS unaounganisha benki na mitandao ya simu. Pambano langu liko hapo, malipo madogo yawe ya bure kabisa, mpaka kwa mleta mzigo.

Blokucheni ningeipeleka ghalani. Mkulima anaacha magunia yake, anasubiri mnada, na daftari liko kwa watu wengine. Kilo zilizoandikwa siku ya kupima zisomeke hivyohivyo siku ya malipo, naye azione mwenyewe kwa ujumbe mfupi, hata kwenye kiswaswadu chake.