Nilivyomwamkia Baba Mkwe na Stuli Makalioni

Kinyozi wa hapa Igoma ameshasambaza ya kwake, eti nilipigwa na baba mkwe. Uongo. Mzee hajanigusa, kilichonigusa ni gundi.

Ile stuli mnaikumbuka, niliiposti hapa nikajiita fundi mkanijazia makopakopa. Pa kukalia ni mbao mbili nimeziunga ubavu kwa ubavu na gundi nyeupe ya kawaida, ile ya vitu vya ndani, haipatani na maji. Sasa ikalala nje, mvua ya ziwani ikapiga usiku kucha, asubuhi mbao zimeachana kama wapangaji waliogombania luku. Na siku hiyohiyo mkwe anashuka na meli ya kutoka Nansio.

Mwenye akili angekwangua gundi ya zamani mpaka mbao ionekane, apake mpya, abane, aache mpaka kesho. Mimi nikatuma mtoto dukani supa gluu, nikamimina kichupa kizima kwenye ufa (kizima jamani), nikafunga na mpira wa tyubu, upande mmoja ukanyanyuka nikaukalia ukae sawa. Nimevaa kadeti mpya. Pamba tupu.

Mlijua supa gluu ikikutana na pamba inapata moto? Basi mlikuwa wapi.

Kwanza nikasikia kavuguvugu, nikasema aah, jua la Mwanza hili. Kavuguvugu kakakolea. Kakachagua upande, wa kushoto. Nataka kujinyanyua naona kadeti imenivuta chini, na hapohapo geti linalia ngriii, "Hodi wenyewe!" Mzee huyo, kofia kichwani, sato wawili wananing'inia mkononi. Shemeji yenu ananitolea macho, simama! Nimekaa. Mzee kasimama, mimi nimekaa. "Shikamoo baba," nimekaa vilevile kama mwenyekiti wa mtaa anasubiri kugonga muhuri, jasho linanitiririka, mzee haitikii, anakagua miguu yangu labda nimevunjika. Kule nyuma panaungua. Nikasema liwalo na liwe, nikanyanyuka nimeinama ile ya adabu, na stuli nayo ikanyanyuka, miguu yote minne ikamwelekea kinyozi ng'ambo ya barabara. Alikuwa na mteja kamnyoa nusu kichwa. Wote wawili wakatoka nje.

Mzee ndo akaitika, "Marahaba," taratibuuu, kisha akamuuliza binti yake kitu kwa Kikerewe ambacho mpaka leo shemeji yenu hataki kunitafsiria.

Basi, mkasi, khanga, maji ya vuguvugu na sabuni, ngozi imebabuka kidogo, leo siku ya tatu nalalia tumbo, picha msiulize.

Ila stuli imeshika balaa. Kipande cha kadeti kimeganda katikati hakibanduki, na mzee kila jioni anaifuata hiyohiyo, anasema afadhali hii mmeiwekea kitambaa.