Kambini Florida, Usihesabu Homrani

Ikifika mwishoni mwa Februari simu yangu hujaa majina. Fulani kapiga homrani mbili, yaani mapigo ya kuvusha mpira uzio, siku ya kwanza ya mechi za maandalizi ya besiboli, fulani karusha mpira kilomita 160 kwa saa, basi huyo ndiye nyota wa mwaka. Huwa nauliza kitu kimoja tu: alipiga awamu ya ngapi kati ya tisa za mechi, na aliyekuwa anarusha ni nani?

Wenzangu wananiona mbishi. Lakini fikiria mechi hizi zinavyochezwa. Timu 15 za Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani hupiga kambi Florida na nyingine 15 Arizona, zikichezeana kwa wiki kadhaa kabla msimu haujafunguliwa mwishoni mwa Machi. Hakuna pointi. Wakongwe hucheza awamu nne au tano, wakaoga, wakaondoka zao. Kuanzia ya sita au ya saba wanaingia vijana wenye jezi za namba 80 na 90 na kitu, wengine mgongoni hata jina hawana, na mrushaji wanayekutana naye mara nyingi ni kijana mwenzao ambaye Aprili atakuwa ndani ya basi la ligi za chini. Homrani ya awamu ya nane imepigwa hapo. Hata mrushaji mkongwe wa awamu ya kwanza hana uhakika wa kukupa kipimo, kwa sababu pengine siku hiyo kaja kujaribu mpira mmoja mpya wa kupinda. Ataurusha tena na tena huku kila mtu akijua unakuja. Ukipigwa ukavuka uzio, anatikisa kichwa na kuomba mpira mwingine.

Sisi tuliokulia kwenye kelele za Simba Day na Wiki ya Mwananchi tunalijua hili. Mshambuliaji mpya anafunga mawili mwezi wa nane, mtaa mzima unaimba jina lake, ikifika Desemba hata benchi hakai.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Jackson Holliday wa Baltimore Orioles. Alichaguliwa wa kwanza kabisa kwenye drafti ya 2022, yaani zamu za klabu kuchagua vijana wapya, na baba yake, Matt, alicheza Ligi Kuu miaka mingi. Kambini mwaka 2024 kijana alipendeza, klabu ikamrudisha Norfolk kwenye timu yake ya ligi za chini, mashabiki wakachachamaa kwamba anaonewa. Aprili 10 akaitwa. Akapata mapigo mawili katika zamu 34 za kupiga, na kabla mwezi haujaisha alikuwa kesharudi Norfolk. Sisemi hana kipaji, anacho. Nasema yale ya Machi hayakuwa yametuambia chochote kuhusu mipira ya Aprili.

Basi tutazame nini? Mimi hutazama kwanza nafasi iko wapi. Kijana hapandi Ligi Kuu kwa sababu kaiva peke yake, anapanda kwa sababu kaiva na kuna mtu kaondoka, kaumia au kachoka. Desemba 2023 San Diego Padres waliwauza Juan Soto na Trent Grisham kwa Yankees, wakabaki na shimo uwanja wa nyuma. Walikuwa na kijana wa miaka 20, Jackson Merrill, aliyelelewa kama shotistopu, yaani mlinzi wa pale kati ya besi ya pili na ya tatu. Kambini wakampeleka nyuma katikati, mahali ambapo mpira unakujia ukiwa juu sana na una sekunde chache za kuamua ukimbilie mbele au urudi. Aliyekuwa anasoma takwimu za magongo aliona kijana mmoja kati ya wengi. Aliyekuwa anamwangalia mazoezini aliona makocha wamekaza kumfundisha kazi moja tu, na klabu haihangaiki hivyo na mtu inayepanga kumrudisha chini. Machi 20, 2024 alianza mechi ya kwanza ya msimu, Seoul, dhidi ya Dodgers. Akamaliza mwaka na homrani 24, wa pili katika kura za mchezaji bora mpya.

Majeraha ni hivyo hivyo, ingawa si ustaarabu kuyashangilia. Mwaka 2025 mdakaji wa Atlanta Braves, Sean Murphy, aligongwa na mpira kambini akavunjika ubavu. Drake Baldwin akaingia, na Novemba ndiye aliyetangazwa mchezaji bora mpya wa Ligi ya Taifa, nusu moja ya Ligi Kuu. Mwaka 2001 Albert Pujols alikwenda kambini na St. Louis Cardinals akiwa hayumo hata kwenye orodha ya wachezaji 40. Bobby Bonilla akaumia msuli wa paja, Pujols akabaki na kikosi, na mengine ni historia ya besiboli.

Jambo la pili ni la mwaka huu hasa. Msimu wa 2026 Ligi Kuu inaanza kutumia rasmi mfumo wa kupinga uamuzi wa refa kuhusu straiki, yaani mpira uliopita ndani ya boksi ambalo mpigaji alipaswa kuupiga. Mpigaji, mrushaji au mdakaji akiona refa kakosea, anagusa kofia yake palepale, bila kusaidiwa na benchi, na kamera zinaamua. Kila timu ina nafasi mbili, na ukikosea umeipotezea timu moja. Triple-A, ligi ya chini iliyo karibu kabisa na Ligi Kuu, imeshazoea mfumo huu, kwa hiyo kwa mara moja mwenye uzoefu ni mtoto na mgeni ni mkongwe. Ukimwona kijana ana straiki mbili, bado moja atolewe, mpira unashuka chini ya goti, gongo halitikisiki, refa anapiga kelele "straiki!" na yeye kwa utulivu anagonga kofia, halafu skrini inaonyesha kumbe alikuwa sahihi, andika jina lake. Huyo macho yake yanalijua boksi la straiki. Kwangu hilo lina uzito kuliko homrani tatu za awamu ya nane.

Kwa kipimo hicho wa kwanza kwenye daftari langu ni Kevin McGonigle wa Detroit Tigers, wanaopiga kambi Lakeland. Katika ligi za chini mwaka 2025 alipewa besi ya bure kwa kuiacha mipira mibaya mara nyingi kuliko alivyotolewa kwa straiki, jambo ambalo vijana wa rika lake hawalifanyi, sembuse vijana wenye nguvu za kuvusha mpira uzio. Kwa kipimo cha nafasi namtaja Carson Benge wa New York Mets. Klabu ilimpeleka Brandon Nimmo Texas mwezi Novemba ikamchukua Marcus Semien, na uwanja wa nyuma ukapoteza mtu wake wa miaka mingi. Huko Port St. Lucie mtazame Benge anaanza mechi ngapi, usitazame anapiga ngapi.

Na mwaka huu kuna Kombe la Dunia la besiboli, linaloanza Machi 5. Nyota wanaondoka kambini kwenda kuchezea nchi zao, kwa hiyo vijana watapata dakika za awamu ya kwanza ambazo kwa kawaida hawazipati. Zuri. Ila warushaji wakubwa nao watakuwa wameondoka, kwa hiyo takwimu zitadanganya kuliko miaka yote. Ukiona kijana kamaliza Machi na wastani wa .400, yaani mapigo manne katika kila zamu kumi, kunywa maji kwanza.

Kwa sisi Afrika Mashariki huu ndio wakati pekee besiboli inatuheshimu. Mechi za Florida zinazoanza saa saba mchana kwao ni saa tatu usiku kwetu, na wakishasogeza saa zao mwezi Machi zinakuwa saa mbili. Msimu ukianza, mechi za jioni zitarudi saa nane za usiku, na wenye kazi asubuhi tunabaki na muhtasari.

Kuna sababu nyingine ya kuwatazama Pittsburgh Pirates hasa, walioko Bradenton kwenye uwanja uliojengwa 1923. Ndio waliomsaini Gift Ngoepe wa Afrika Kusini mwaka 2008, wakamlea hadi Aprili 26, 2017 alipokuwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza Ligi Kuu, na zamu yake ya kwanza akapata pigo kwa mpira wa mrushaji Jon Lester. Miaka tisa ya kusubiri, wakumbuke hilo wanaodhani chipukizi huiva kwa mwezi mmoja. Ndio pia waliomsaini David Matoma, mrushaji wa Uganda mwenye mkono wa kasi kwelikweli. Dodgers nao waliwasaini Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, mwaka 2022. Tangu 2024 kuna mechi maalumu za chipukizi watupu katikati ya Machi, na ni mahali pazuri pa kumtafuta Mwafrika Mashariki kuliko orodha za majina 100 bora.

Lakini jina kubwa la Bradenton ni Konnor Griffin. Shotistopu aliyeingia 2026 akiwa na miaka 19, alichaguliwa wa tisa kwenye drafti ya 2024 kwa sababu wakaguzi wa vipaji walilitilia shaka gongo lake. Mwaka 2025 akapiga homrani 21, akaiba besi 65 na kumaliza na wastani wa .333 katika madaraja matatu ya ligi za chini. Hadi 2025 inaisha, Triple-A alikuwa hajaigusa. Swali la Pittsburgh nzima: klabu ianze naye msimu wa 2026?

Hapa ndipo pesa inapoingia. Mchezaji akikaa siku 172 Ligi Kuu amehesabiwa mwaka mzima, na baada ya miaka sita anakuwa huru kwenda atakako. Mwaka 2015 Kris Bryant alipiga homrani tisa kambini, Chicago Cubs wakamrudisha chini, wakamwita Aprili 17. Akamaliza na siku 171. Siku moja iliwapa Cubs mwaka mzima wa ziada, na malalamiko yake hayakufua dafu. Mkataba wa ligi na chama cha wachezaji wa 2022 ulipunguza mchezo huo: klabu inayoanza msimu na chipukizi wa juu inaweza kuzawadiwa nafasi ya drafti akishinda tuzo, na wawili wa kwanza kwenye kura za mchezaji bora mpya wanapewa mwaka mzima hata wakichelewa kuitwa. Pirates wanalijua hilo, maana Paul Skenes walimwita Mei 11, 2024, akashinda tuzo, akapata mwaka wake mzima.

Kwa hiyo kumficha Griffin kwa hesabu za siku hakuna maana tena. Ken Griffey Jr. alianza msimu wa 1989 na Seattle akiwa na miaka 19, na hakuna aliyejuta. Mimi ningemwangalia wiki tatu akikutana na warushaji wa kweli, awamu za mwanzo, straiki mbili, mpira wa kupinda unaotoka nje. Akiuacha upite, ningemfungulia msimu pale pale. Akiukimbiza, Indianapolis kwenye timu yao ya Triple-A hadi Juni, hata kama atakuwa na homrani saba.