Karatasi ya Mtetemo Ikae kwa Mwenye Nyumba

Ukiishi karibu na timbo la kokoto hapa Kenya unaujua mtiririko: king'ora, kimya, kishindo, kisha madirisha yanatetemeka na vumbi la plasta linadondokea kabati. Ukienda kulalamika unajibiwa, "Mama, tulipima, iko sawa." Mlipimia wapi? Sawa ni ngapi? Hapo kila mtu anaanza kutazama simu yake.

Kiwango kipo. Kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, zinakataza mtetemo unaozidi sentimita 0.5 kwa sekunde, yaani milimita 5, nje ya mpaka wa kiwanja unakotoka; hiyo ni kasi ya ardhi inapotikisika. Si kiwango cha mchezo: Bureau of Mines, idara ya migodi ya Marekani, mwaka 1980 ilipendekeza hadi milimita 12.7 kwa nyumba za plasta, hata mtetemo unapokuwa wa mawimbi ya polepole. Kinachonikera ni kwamba kipimo anakiona mlipuaji peke yake.

Kifaa chenyewe cha kupimia ni kijisanduku chenye misumari chini, kinachosoma mtetemo katika pande tatu. Kikiachwa juu ya nyasi bila kugandamizwa kwa mfuko wa mchanga, kinarukaruka na kutoa namba za uongo. Kikipelekwa upande wa timbo wasikoishi watu, hapo namba zitapendeza kweli! Mimi nataka kiwekwe kando ya msingi wa nyumba iliyo karibu zaidi, mwenyewe akishuhudia, na apewe nakala ya karatasi ya vipimo.

Wenye timbo nao wana hoja. Mwili huhisi hata milimita 1 kwa sekunde, ambayo haipasui ukuta, na mara nyingi dirisha linatikiswa na msukumo wa hewa wala si ardhi. Tena udongo wetu mweusi huvimba masika na kunywea kiangazi, ukapasua kuta pasipo baruti yoyote. Ndiyo maana kila ufa upigwe picha yenye tarehe, rula ikiwa kando, kabla ya mlipuko wa kwanza. Bila picha hizo mtabishana mpaka mchoke.

Na kipimo kikizidi, kazi haisimami. Baruti inayolipuka kwa mpigo mmoja hupunguzwa, mashimo ya baruti yakalipuka kwa kupishana milisekunde kadhaa. Sasa timbo linalofuata kanuni litapoteza nini likibandika namba za kila mlipuko langoni, chini ya lile bango la saa za kulipua?